Shairi Lisilojibika Halijaiva

Shairi linaweza kutimiza kila sharti la vina na mizani, likasomwa redioni, likapigiwa makofi ukumbini, na bado likawa halina pumzi. Hapa Tanga tunayo mengi ya namna hiyo. Huwezi kuyaonyesha kosa. Ukihesabu, mizani ni 16 kila mshororo. Vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa, kituo, yaani mshororo wa kufungia ubeti, kimefunga. Lakini ukiliweka chini hukumbuki hata neno moja. Kwa maoni yangu chanzo ni namna tunavyorekebisha mashairi yetu. Tunakagua umbo, tukiridhika tunatangaza. Ile kazi nyingine, ya kulifungua shairi ili msikilizaji apate pa kuingilia, wengi wetu hatuifanyi, kwa sababu hakuna aliyetufundisha kwamba ipo.

Nina kipimo kimoja cha kujua kama kazi hiyo imefanyika. Nauliza: malenga mwingine akilisikia shairi hili, anaweza kulijibu? Simaanishi kulisifu. Namaanisha kusimama na ubeti wake, kwa vina vilevile au vingine, akapinga, akauliza, akaongeza, akalipeleka shairi mahali ambapo mtunzi wa kwanza hakufika.

Kipimo hiki sikukitoa mbali. Ushairi wa pwani umekulia katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikivutana, na tungo zake nyingine zilihusu mapenzi, shida na mambo ya mtaani, nyingi zikiwa fupi sana. Baada ya kifo chake zilikaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa. Mwalimu Sikujua alizikumbuka akamsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19, na diwani, kitabu cha tungo hizo, ikachapwa mwaka 1940. Tungo zilizodumu hivyo bila kitabu zilidumu kwa sababu watu walikuwa na la kufanya nazo. Waliziimba, walizitumia kusemana, walizijibu.

Tanga yenyewe ina historia katika jambo hili. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya hapa mjini wakati wa Wajerumani, lilichapa mashairi. Baadaye likaja Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na ukurasa wake wa mashairi ukawa baraza la nchi nzima: wa Pangani anauliza fumbo, wa Tabora analifumbua, wa tatu anawaambia wote wawili wamekosea. Mtunzi aliyepeleka shairi huko alijua kwamba mwezi ujao anaweza kukutana na jibu. Nadhani kujua huko peke yake kulimfanya aandike vingine. Huwezi kutunga shairi la kujibiwa halafu ukalifunga milango yote.

Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa kitabu hicho vizazi vya watunzi vilipata mwongozo ulioandikwa. Nakiheshimu sana. Lakini sisi tuliokuja baadaye tulichukua sheria tukaacha diwani. Tulisahau kwamba mwenye kutoa sheria alikuwa pia mtunzi aliyeonyesha nini cha kuweka ndani yake. Kisha miaka ya 1970 ukazuka ule mvutano mkubwa wa mapokeo na usasa. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara, na watetezi wa vina na mizani wakasema hayo si mashairi. Mvutano ule ulikuwa na faida zake, ila ulituachia tabia moja mbaya: kila tukizungumzia ubora wa shairi macho yanakwenda kwenye umbo kwanza, na mara nyingi yanaishia hapohapo. Nimesoma mashairi huru mengi ambayo ni hotuba iliyokatwakatwa vipande. Kuondoa vina hakukuyafungua. Yamefungwa vilevile, tena hayana hata utamu wa sikio.

Basi tuchukue mfano tuufanyie kazi. Nimetunga ubeti huu makusudi, kwa mtindo tunaousikia kila penye sherehe. Mada ni wazee wa mkonge, na kwa mkoa wetu hiyo ni mada nzito.

Mkonge una thamani, wazee walitukuka,
Walifika mashambani, kwa juhudi na mashaka,
Tuwakumbuke jamani, sifa zao kutamka,
Tuwaenzi duniani, nchi yetu kujengeka.

Mkaguzi wa mizani hana neno hapa. Nane kwa nane, kina cha kati -ni, cha mwisho -ka. Sasa tuuangalie kwa jicho lingine.

Anza na maneno yaliyoletwa na kina peke yake. Jamani anaitwa nani? Duniani kunaongeza nini, kana kwamba wangeenziwa mahali pengine? Kila mtunzi wa Kiswahili anayo akiba ya maneno haya: yakini, moyoni, wendani, hakika, daima, jamani. Yanakuja yenyewe mkono unapochoka. Mimi nashauri mtu aandike orodha yake binafsi ya maneno ya kujazia, aibandike ukutani, na kila akimaliza rasimu aitazame. Neno moja la namna hiyo katika ubeti linavumilika. Matatu katika mishororo minne maana yake mtunzi alikuwa anatafuta silabi, hakuwa anatafuta jambo.

Halafu tazama kutamka na kujengeka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo mashairi mengi ya sasa yanapofia. Lugha yetu imetupa kitenzi chenye neema kubwa: ndani ya neno moja unapata nani anatenda, lini, na anamtenda nani. Alinificha. Hawatanikuta. Tukikitupa chote hicho na kuweka ku- kwa sababu tu kinaleta kina kwa urahisi, tunabaki na tendo lisilo na mtu wala wakati. Sifa zao kutamka: atamke nani, kwa nani, lini? Nchi yetu kujengeka: nani alibeba tofali? Ninaporekebisha, naipigia mstari kila ku- iliyokaa mwishoni mwa mshororo na kuihoji. Nyingine zina haki ya kukaa pale. Nyingi hazina. Ukimrudisha mtendaji na wakati, ghafla unalazimika kujua kitu, na hapo ndipo shairi linapoanza kupata damu.

Jambo la tatu ni zile amri: tuwakumbuke, tuwaenzi. Shairi likiniambia nifanye nini, limeshaniamulia. Nifanye nini zaidi ya kusema sawa? Mzee mwenyewe wa mkonge akisomewa ubeti ule atajibu nini? Atasema ahsanteni, basi. Hakuna ubeti wa pili unaoweza kuzaliwa kutoka kwenye ahsanteni.

Wengine watasema dawa ni kuondoa vina, kwamba vinabana. Sikubaliani nao. Nimeviacha vina vilevile katika marekebisho yangu, makusudi, ili lawama isiangukie mahali pasipo pake. Nilichobadilisha ni mahali pa kutazama. Badala ya wazee wote, nimemchukua mmoja, na nimemfanya awe baba wa anayesema. Badala ya juhudi na mashaka, nimejiuliza mkonge unamfanya nini mkataji. Jani la mkonge lina mwiba mgumu kwenye ncha. Nikakumbuka pia kwamba wale waliokuja kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, na wengine kutoka nchi jirani, waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi ya kuwaandikisha, iliyoitwa SILABU, tangu mwaka 1944. Mtu aliacha jina kwao akapewa namba.

Mwiba umo kidoleni, baba hajautamka,
Akija mtu nyumbani, mkono huufunika,
Namba yake ya zamani, usingizini hutoka,
Hii ni dhuluma gani, wazee iliwafika.

Mishororo mitatu ya kwanza imeanza kupumua. Wa nne umeiua. Nimeuacha hapa uonekane, maana ndio mshororo ambao karibu kila mmoja wetu angeuandika na angeona amefanya vizuri. Msikilizaji amepewa mwiba, amepewa mkono unaofichwa, amepewa namba inayotamkwa usingizini. Alikuwa yuko njiani kufika kwenye dhuluma kwa miguu yake mwenyewe. Mtunzi akamkimbilia, akamshika mkono, akamwambia: hii ni dhuluma. Na pengine msikilizaji alikuwa anaelekea kwingine kabisa. Pengine aliona aibu, au fahari iliyofichwa. Mshororo wa nne umemfungia njia zote isipokuwa moja.

Katika kurekebisha, mshororo wa kufasiri ndio mgumu zaidi kuuondoa, kwa kuwa mara nyingi ndio uliotufanya tutunge. Tulikaa kuandika kwa sababu tulitaka kusema dhuluma. Sawa, hiyo ndiyo iliyotuwasha. Lakini kinachomwasha mtunzi hakilazimiki kubaki kwenye karatasi. Mara nyingi ukikitoa, beti nyingine zinakibeba bila kukitaja. Nikaweka hiki:

Nani amdai nani, deni lisilotajika.

Sasa ni swali, tena swali ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake moja. Shamba linamdai baba? Baba analidai shamba? Mtoto anamdai baba yake hadithi ambayo hajasimuliwa? Kwa kuwa ni swali, linaweza pia kuwa kibwagizo, na hapa naingia kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika umbo letu.

Kibwagizo kinachorudi kila ubeti kwa maana ileile ni mzigo. Kinachorudi kwa maneno yaleyale huku maana yake imehama ndicho kinacholifanya shairi liishi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 pale Vibambani, Machui, nje kidogo ya mji huu, alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi ambalo kibwagizo chake kinazungumzia mapenzi waliyoyafunga na kwamba hapana wa kuyafungua. Tangu ubeti wa kwanza analeta ua lililofunga baada ya kuchanua. Ua limefunga, mapenzi yamefungwa. Hilo la kwanza ni mauti na hili la pili ni ahadi, na kitenzi ni kilekile. Mtunzi hatuelezi uhusiano wa mawili hayo. Anauacha kati yetu na yeye. Kila kibwagizo kinaporudi kinasikika tofauti kidogo, kwa sababu ya kilichotangulia. Nawasihi watunzi vijana wa Tanga, ambao jina la Shaaban Robert wanalitaja kila jukwaani, wamsome kwa jicho hili la fundi: aliweka nini, akanyamazia nini. Kumsifu ni rahisi.

Ili kibwagizo changu kihame, ubeti wa pili ulipaswa kubadilisha mahali na wakati. Nikakataa kuendelea na baba. Nikaenda shambani leo.

Nimepita mashambani, safu zimeshafutika,
Ng'ombe wamo kivulini, mlingoti waanguka,
Mwanangu yuko begani, ua la juu ataka,
Nani amdai nani, deni lisilotajika.

Mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake. Huchipua mlingoti mrefu, unatoa maua, kisha mmea unakufa. Anayejua hilo ataliona kwenye mshororo wa tatu. Asiyejua ataona mtoto anayetaka kitu kilicho juu, na hilo pia linatosha. Katika rasimu yangu kulikuwa na mshororo ulioeleza habari ya kuchanua na kufa. Nikaufuta, kwa sababu ulimgeuza mtoto kuwa mfano, na mimi nilitaka awe mtoto. Na angalia deni lilivyohama: sasa linaweza kuwa kati ya mimi na huyu aliye begani.

Kuna jambo jingine linajitokeza hapo. Kurekebisha kunataka kujua. Mtunzi aliyekaa na thamani na juhudi hakuhitaji kujua chochote kuhusu mkonge. Angeweza kuweka pamba au korosho na ubeti usingestuka. Anayetaka kulifungua shairi hana budi arudi kwenye kitu chenyewe: kwamba miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf ikitoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, kwamba miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika iliuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ikaongoza duniani, kwamba leo ukitoka Tanga kuelekea Muheza unapita mashamba yaliyofufuliwa na mengine yaliyorudi pori. Hakuna hata moja kati ya haya lililoingia kwenye beti zangu. Lakini bila kuyajua nisingepata namba wala mlingoti.

Najua hoja itakayokuja. Wazee wetu watasema ushairi wa Kiswahili ni wa mafunzo, na kwamba haya ninayoyasema yanaufanya uwe mchezo wa kuficha. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Mafunzo hayajawahi kuwa adui wa uhai. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, na kazi nzima ni mawaidha. Lakini anaanza kwa kumwita binti asogee karibu, na kumwambia achukue wino na karatasi. Tunajua anayesema ni mgonjwa, tunajua anayesikiliza ni mtoto wake, tunajua wakati ni mfupi. Kila wosia unaofuata unapita kwenye chumba kile. Ndiyo maana wanawake wa pwani waliunakili kwa mkono na kuusoma kwa vizazi, na ndiyo maana hata leo mtu anaweza kubishana nao, kukubali hili na kukataa lile. Yeye ana sauti na ana mahali. Mawaidha yetu ya sasa mengi hayana chumba. Yanatoka kwenye kipaza sauti.

Shule nazo zina sehemu yao. Mwanafunzi anayesoma shairi anaulizwa dhamira ni zipi, ujumbe ni upi, mshairi anatufundisha nini. Maswali hayo si mabaya, ila yakiwa ndiyo maswali pekee, kijana anakua akiamini kwamba shairi ni kifungashio cha ujumbe. Akija kutunga, anaanza na ujumbe na kutafuta vina vya kuufungia. Ningefurahi kuona mtihani mmoja tu unaomwambia mtahiniwa: jibu shairi hili kwa ubeti mmoja. Swali hilo lingewapima wote wawili, mwanafunzi na shairi alilopewa.

Na kuhusu kuficha: shairi lililo hai halifichi. Mwiba wangu ni mwiba kweli, mkono ni mkono kweli, mtu yeyote wa Makorora au Mabawa anaelewa kila neno. Giza la kukusudia, la maneno mazito yaliyopangwa ili msomaji ajione mjinga, ni namna nyingine ya kufunga. Hilo nalo halijibiki, maana huwezi kumjibu mtu usiyejua amesema nini. Ninachotaka ni uwazi katika vitu na nafasi katika maana. Wenzetu wa taarabu walilijua hili siku nyingi. Katika miaka ambayo vikundi vya Black Star na Lucky Star vya mji huu vilisikika Afrika Mashariki yote, msikilizaji aliinuka akamtunza mwimbaji kwa sababu aliona wimbo umemwimba yeye na jirani yake, na jirani naye akainuka kwa sababu hiyohiyo. Mtunzi hakutaja jina la mtu.

Kabla ya chapa, kazi hii ya kufungua ilifanywa na wengi. Utenzi ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, na hati zile, kama hazikuongezwa alama, hazikutofautisha vizuri baadhi ya sauti zetu, e na i, o na u, hata p na b. Msomaji alilazimika kuusikia mshororo kichwani ili ajue ni neno gani. Mnakili naye alirekebisha, mwimbaji akarekebisha, na ndiyo sababu tenzi za kale zina nakala zinazotofautiana. Hemed bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga hapa, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani, vita vya Abushiri na wenzake mwaka wa Hijria 1307, na kazi ile haikuchapwa mpaka miaka ya 1950. Leo mtunzi anaandika kwenye simu, anafuta palepale, anatuma baada ya dakika chache. Rasimu haibaki, na hakuna mkono wa pili unaoigusa. Hatuwezi kuwarudisha wanakili, lakini tunaweza kurudisha desturi ya kunakili. Liandike shairi lote upya kwa kalamu, tangu neno la kwanza. Mkono unachoka kuandika neno lisilo na kazi, na uchovu huo una maarifa.

Kisha ulighani. Usilisome kimya, ulighani kwa sauti, hata kama sauti yako si ya jukwaani. Mahadhi yana ukweli ambao jicho halina. Mshororo uliojazwa jamani utauvuta kwa shida, ulimi utautema. Mshororo wenye kitu ndani yake utautaka urudie. Baada ya hapo mtafute mtu mmoja, kwenye baraza la kahawa Ngamiani au popote, umghanie mara moja tu. Usimuulize kama ni zuri. Atakwambia zuri, sisi ni watu wa adabu. Muulize ameona nini. Akikwambia ameona ujumbe mzuri kuhusu wazee, rudi ukafanye kazi. Akikwambia, mbona baba anaficha mkono, umefika.

Kuna beti nzima ambazo hazina budi kuondoka, na kwa kawaida ni za mwanzo na za mwisho. Za mwanzo tunazijua: nashika kalamu yangu, naingia ukumbini, wenye vina nawaomba. Katika utenzi mrefu dua ya kufungulia ina mahali pake, maana safari ni ndefu na msikilizaji anahitaji kutulia. Shairi la beti tano halina nafasi hiyo. Mara nyingi shairi linaanza ubeti wa tatu. Mbili za kwanza mtunzi alikuwa anajipasha moto. Kaditama nayo, ule ubeti wa kufungia shairi, ikiwa kazi yake ni kurudia kwa ufupi yaliyokwisha kusemwa, iondoke pamoja na jina la mtunzi na sanduku lake la posta.

Sasa turudi kwenye kipimo. Kama beti zangu mbili zimefunguka kweli, baba anapaswa kuweza kujibu. Nimejaribu kumpa nafasi:

Mwanangu hujabaini, mwiba mimi nauweka,
Ndio cheti mkononi, shahada isofutika,
Ada yako ya shuleni, kwa kidole imetoka,
Wewe wamdai nani, mwenye haki sijataka?

Sikupanga aseme hivyo. Nilitarajia alalamike, kwa sababu mimi nilianza na dhuluma kichwani. Nilipomwachia vina vyake na mkono wake, alikataa kuonewa huruma, na akakitwaa kibwagizo changu akanigeuzia. Hilo halikuwezekana kwenye ubeti ulioniambia tuwaenzi, na halikuwezekana hata kwenye ule uliosema dhuluma.

Jibu hilo linanirudisha kazini. Sasa naona ubeti wangu wa pili una safu zilizofutika, na baba anasema shahada yake haifutiki. Neno lile limepata uzito ambao sikuuweka, kwa hiyo lazima libaki. Lakini mlingoti waanguka unanisumbua. Ng'ombe, kivuli, na mlingoti unaoanguka ni huzuni nyingi mno kwa mshororo mmoja, na ni mimi ninayemtaka msikilizaji ahuzunike kabla mtoto hajainua mkono. Baba hana huzuni hiyo. Nitauandika upya mlingoti ukiwa bado umesimama.